Land Rover ya zamani iliyopungukiwa: mwongozo kamili wa kuinunua na kuirudisha barabarani, Pemba na Unguja

Picha ninazoletewa kwenye simu karibu zote ni moja. Land Rover imevuliwa bodi, injini iko chini ya mwembe imefunikwa gunia, milango imeegeshwa ukutani kwa ami yake, na kuku anatagia kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe anauliza: "Nianzie wapi?" Tabu ni kwamba ameshaanza, na ameanzia mwisho.

Wengi wa wanaonipigia hawakushindwa na injini. Kuna walioshindwa na karatasi, na kuna walionunua gari bila kuhesabu kilichopungua. Wengine, na hawa ndio wengi zaidi, waliifungua gari yote wiki ya kwanza kwa hamasa, na baada ya miezi sita hawakumbuki nati ipi ilitoka wapi.

Mwongozo huu ni wa Land Rover Series, yaani modeli za II, IIA na III, kwa kuwa ndizo nilizozishika kwa mikono yangu hapa Chake Chake, Pemba. Mwenye Morris Minor au Peugeot 404 afuate mpangilio huuhuu, ila vipimo vya injini atafute vya gari yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda kuiona gari

- Daftari gumu na simu yenye nafasi ya picha mia kadhaa
- Nyundo ndogo na bisibisi kubwa ya bapa
- Tochi, na nguo za kulalia chini ya gari
- Spana za inchi, si za milimita peke yake
- Jeki ya nguvu na stendi nne za chuma
- Filageji (vibamba vyembamba vya kupimia mapengo madogo), mita ya umeme na kipimo cha mgandamizo wa silinda
- Makopo matupu ya tungule, mengi, na kalamu ya wino usiofutika
- Mafuta ya kulainisha nati zilizoganda
- Miwani ya kazi, glavu, na kizima moto

Kuhusu spana: nati nyingi za gari hizi ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, na vimechanganyika. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, kwa hiyo fundi anadhani ni sawasawa. Akivuta kwa nguvu, spana inateleza na kula pembe za nati, na kazi ya dakika mbili inageuka ya patasi na nyundo. Kama fundi wako hana spana za inchi, zinunue wewe, na usimruhusu aondoke nazo.

## Hatua ya 1: Jua unatazama gari gani

Muuzaji atakwambia "Land Rover ya Mwingereza" na ataishia hapo. Series II ilitengenezwa 1958 hadi 1961, IIA kutoka 1961 hadi 1971, na Series III kutoka 1971 hadi 1985. Kwenye II na IIA saa za dashibodi, za mwendo na mafuta, ziko katikati. Kwenye III ziko mbele ya dereva. Wavu wa mbele wa Series III ni wa plastiki, wa zile zilizoitangulia ni wa chuma. Lakini usiuamini wavu, maana watu wamebadilishiana nyavu tangu enzi za babu zao.

Pima umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Fupi ni inchi 88, ndefu ni inchi 109. Usipojua hili utaagiza springi na shafti za propela za gari nyingine.

## Hatua ya 2: Karatasi kwanza, bei baadaye

Gari nyingi za aina hii ni mali ya marehemu. Mzee amefariki, gari imebaki uani, na anayekuuzia ni mtoto wake mmoja aliyebaki shamba. Watoto wengine wako Unguja, Dar na Maskati.

Haya yamenikuta. Nilimlipa kaka mkubwa, nikaivuta gari hadi kwangu na kuifanyia kazi miezi mitano. Siku moja dada yake akaja na mumewe, ana karatasi za mirathi mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sheikh, sehemu yangu umempa nani?" Sikuwa na jawabu. Nililipa mara ya pili, na hakuwa na makosa.

Kwa hiyo uliza mambo haya kabla ya kutaja shilingi:

1. Kadi ya gari iko? Iko kwa jina la nani?
2. Kama mwenye jina amefariki, mirathi imeshagaiwa? Kwetu shughuli hii hupita Mahkama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Taka kuona karatasi, usiridhike na maneno.
3. Warithi wote wamekubali kuuza? Aliye mbali aandike na atie saini.
4. Namba ya chasisi inalingana na ya kwenye kadi?

Namba ya IIA na III imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na inaposhikiwa springi. Itakuwa imejificha chini ya kutu na rangi. Isugue taratibu kwa msasa laini na maji. Usiipige brashi ya mashine, utaifuta, na gari isiyo namba ni vyuma chakavu tu. Namba ikisomeka piga picha, kisha pita ofisi ya usajili wa vyombo vya moto uulize kama gari hiyo bado imo kwenye kumbukumbu zao na ina deni gani.

Mkataba uandikwe mbele ya sheha wa shehia iliko gari, na mashahidi wa pande zote mbili. Ukishashika nakala yenye muhuri, kadi, na saini za warithi, hatua hii imekwisha. Kikikosekana kimoja, rudi nyumbani ukanywe chai.

## Hatua ya 3: Ipige nyundo

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo kwa mbali inapendeza hata ikiwa imeoza ndani. Kinachooza ni chasisi ya chuma na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Hapo ndipo pa kulalia chini na tochi.

Gonga chasisi yote kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia kwa sauti ya juu. Kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, kama unagonga dafu. Kila penye sauti hiyo, choma kwa bisibisi. Ikizama, tia alama ya chaki.

Usiache kugonga pahala hapa: boriti ya nyuma inayofungiwa bampa, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, vishikio vya springi, na pembe mbili za mbele. Kwenye ule ukuta, tazama pa kuwekea miguu na chini ya nguzo za milango. Ndani ya chasisi ni uwazi, na matope yenye chumvi yakiingia hukaa humo miaka. Ndiyo maana gari ya pwani, kama ya Makangale, inaweza kuwa nzima juu na ungaunga chini.

Boriti ya nyuma na mikono hukatwa na kuwekwa mipya, si jambo la kukukimbiza. Lakini chasisi ikiwa imeoza pale inaposhika springi pande zote mbili, na ule ukuta nao umekwenda, mimi siinunui hata kwa bei ya mbuzi.

## Hatua ya 4: Hesabu kilichopungua

Tembea na daftari kutoka mbele hadi nyuma. Andika kila kisichokuwepo, hata kiwe kidogo vipi. Kisha gawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu vya kawaida: taa, pulagi, betri, mipira ya breki, viti, rejeta, matairi. Hivi vinapatikana, vikikosekana Unguja vitapatikana Dar, na viatu vya breki na gasketi bado vinatengenezwa na kuuzwa Uingereza. Visikutishe.

Fungu la pili ndilo linaloua miradi: fremu ya kioo cha mbele, bawaba za milango, vijiti vya gia ndogo, mabano ya kushikia injini, kifuniko cha sanduku la usukani, zile sahani za kuunganishia kabureta. Hivi ni nadra kuvikuta dukani kwetu. Utavitoa kwenye gari nyingine iliyokufa, na mwenye gari hiyo akijua unavitaka hatakuonea huruma.

Muulize muuzaji kwa majina: "Fremu ya kioo iko wapi?" Mara nyingi imo stoo, au imefanywa ubao wa kuanikia dagaa. Usilipe mpaka vyote vilivyoahidiwa vimerundikwa mbele yako. "Nitakuletea Ijumaa" haijawahi kuniletea kitu.

Bei itaje baada ya orodha. Kata gharama ya fungu la kwanza kwa bei za dukani. Kwa kila kitu cha fungu la pili ambacho hujakiona kwa macho, kata zaidi ya unavyodhani inafaa.

## Hatua ya 5: Pa kuiweka

Banda la makuti linashinda turubai. Makuti yanazuia mvua na yanapitisha upepo. Turubai la nailoni linafungia unyevu, na asubuhi ukilifunua chuma kinatoa jasho. Sakafu iwe ya saruji, au angalau kifusi kilichoshindiliwa.

Wala usiiweke chini ya mnazi. Nazi moja ilipasua paa nililolinyoosha siku tatu.

Gari ikae juu ya stendi za chuma, si juu ya matofali. Tofali la saruji halipindi likakuonya, linapasuka mara moja, na wewe uko chini. Ukishaiinua, isukume kwa bega. Kama inacheza, usiingie.

## Hatua ya 6: Iamshe injini kabla hujafungua kitu chengine

Hapa ndipo watu hunikatalia. Kwa nini tuhangaike na injini wakati chasisi ina kutu? Kwa sababu gari inayonguruma haiachwi uani: watoto wanataka kuisikia, jirani anapita kuuliza, nawe unapata moyo wa kulala chini ya chasisi miezi minne. Pia utajua kama fedha zako ziende kwenye kutu au kwenye pistoni.

Toa pulagi zote nne. Mimina katika kila tundu vijiko viwili vya mchanganyiko wa mafuta ya gia otomatiki na dizeli, nusu kwa nusu. Acha wiki nzima. Kila jioni ongeza kidogo.

Siku ya saba, gia ikiwa huru na pulagi zikiwa bado nje, tia hendeli mbele. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe kukumbatia chuma. Injini ikirudisha hendeli kwa nyuma, gumba lililokumbatia linavunjika. Usivute kwa nguvu za bega. Tikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ikiachia hutasikia kishindo. Utahisi hendeli imekuwa laini kidogo mkononi, kama mlango uliovimba masika ukikauka, na kisha mafuta meusi yanatemwa kupitia matundu ya pulagi. Simama pembeni.

Ikishazunguka, mwaga mafuta yote ya injini, tia mapya, badili chujio. Kisha rekebisha. Kwa injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286, ambayo ndiyo utakayoikuta zaidi:

- Pengo la tapeti (juu ya valvu), zote nane: milimita 0.25
- Pengo la pointi za distribyuta: milimita 0.35 hadi 0.40
- Mfuatano wa moto: 1, 3, 4, 2

Kwenye tapeti kuna hesabu rahisi. Valvu iliyofunguka kabisa na ile unayoirekebisha jumla yake iwe tisa. Valvu ya 8 ikiwa chini kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikiwa chini, rekebisha ya 3. Hivyo hivyo mpaka zote zimekwisha.

Pima mgandamizo wa kila silinda. Namba yenyewe si muhimu kama kulingana kwake. Silinda moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, tia kijiko cha mafuta ya injini tunduni upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Usitumie tangi la zamani kuiwasha. Tumia dumu dogo la petroli safi, limefungwa imara, mbali na betri, na kizima moto mkononi mwa mtu wa pili. Na tangi likiwa limetoboka, usikubali kabisa lichomelewe kwa hoja ya kwamba "limekauka miaka kumi." Mvuke wa petroli hukaa kwenye kutu ya ndani, na cheche moja inatosha.

Umefanikiwa ikiwa injini inanguruma robo saa, taa ya mafuta imezimika, na maji hayachanganyiki na mafuta. Kijiti cha mafuta kikitoka na kitu cheupe kama tui, zima.

Mafuta machafu yatie dumuni. Pahala pengi visiwani kwetu ardhi ni mawe ya matumbawe, ukimwaga uani unamwagia kisima cha jirani.

## Hatua ya 7: Chasisi, mkono mmoja kwa wakati

Usivue bodi yote. Bodi iliyofungwa ndiyo kipimo chako: milango ikifunga sawasawa, chasisi iko sawa. Kata sehemu moja tu, chomelea, funga milango, tazama nafasi zake, ndipo uende pahala pa pili. Aliyekata mikono yote siku moja ana gari yenye milango isiyofunga mpaka leo.

Kila unapofungua kitu, mambo matatu kwa mpangilio: piga picha, tia nati zake kwenye kopo lake la tungule, andika juu ya kopo. "Mkono wa kulia wa nyuma, nati 4, washa 8." Kopo lisiloandikwa ni takataka.

Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe. Kiraka kilichowekwa juu ya kutu kinang'oka pamoja na kutu yake. Tumia bamba la milimita 2 au zaidi kidogo, na betri iwe imeshatolewa kabla ya kuchomelea.

Vipande vidogo vya chuma, kama mabano na bawaba, visafishe kwa umeme. Jaza ndoo ya plastiki maji, tia soda ya kufulia vijiko vichache, ning'iniza kipande chenye kutu kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na chuma chakavu kwenye waya chanya. Visigusane. Kesho yake kutu inatoka kwa brashi. Fanyia nje penye upepo, maana inatoa gesi inayoshika moto. Usitie chumvi ya mezani badala ya soda, itatoa hewa ya sumu. Chuma kisichoshika kutu usikitumie upande wa chanya, na aluminiamu usiitie humo kabisa, italiwa.

Pale aluminiamu inapokutana na chuma kuna ugonjwa mwengine. Metali mbili tofauti zikipata maji ya chumvi kati yake, zinafanya kazi kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kwenye maungio. Paka chuma praima yenye zinki, kisha weka ukanda wa mpira wa tyubu kati ya vyuma hivyo kabla ya kufunga. Kazi ya nusu saa, inakupa miaka.

## Hatua ya 8: Breki zote mpya

Sina maneno mengi hapa. Mabomba, mipira, silinda za magurudumu, viatu: vyote vipya, hata kama vya zamani "bado vinafaa." Chagua mabomba ya shaba na nikeli badala ya chuma, kwani hayaliwi na hewa ya bahari.

Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Rowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kifungie kwenye mfuko wa taka utupe.

Tia mafuta ya breki pekee. Kuna waliotia mafuta ya injini kwa kuwa "yote ni mafuta". Mipira ikavimba na breki zikashika zenyewe katikati ya mteremko. Toa hewa kwa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia la karibu. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na haishuki ukiikandamiza dakika nzima, breki ziko tayari.

## Hatua ya 9: Umeme

Kabla ya kuunganisha betri, jua gari yako imefungwa hasi au chanya kwenye bodi. Nyingi za mwanzoni, zenye dainamo, zilifungwa chanya. Ukigeuza bila kujua utaunguza vitu.

Nyaya za Kiingereza zina lugha yao: kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe ni ya swichi ya kuwashia, kijani ni ya vitu vinavyofanya kazi ukishawasha swichi, nyeusi ni ya kurudi ardhini. Fundi aliyeunga kwa rangi yoyote iliyokuwepo amekuachia fumbo. Vuta nyaya mpya.

Taa hafifu, nyingi ya nyakati si taa. Ni ardhi mbovu, pale waya mweusi ulipofungwa kwenye aluminiamu iliyooza. Kwangua, funga, paka grisi.

## Hatua ya 10: Rangi

Rangi ni ya mwisho, na isiwe masika. Subiri Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu. Aluminiamu inataka praima yake maalumu. Rangi iliyopakwa juu ya praima ya chuma itababuka vipande vipande. Usiisugue bodi kwa brashi ya waya wa chuma, chembe zinazobaki zitaanzisha kutu. Puti iwe kidogo. Mikunjo mingine iache, gari ilibeba karafuu.

## Hatua ya 11: Safari ya kwanza

Kamilisha ukaguzi, bima na usajili kabla ya kutoka barabarani. Trafiki hataki kusikia historia ya gari.

Safari ya kwanza iwe fupi. Mimi nilitoka Machomane hadi Gombani na kurudi. Ukifika, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha mkono, breki inashika au beringi imekazwa mno. Tazama chini kama kuna matone mapya. Matone machache ya mafuta ya gia utayaona, ndivyo zilivyo.

Kaza upya nati za magurudumu baada ya safari hiyo ya kwanza, kisha nati za springi na za mikono ya chasisi baada ya wiki. Ukienda ufukweni, kama Vumawimbi, acha gari juu kwenye ardhi ngumu, ushuke kwa miguu. Ukirudi, ioshe chini kwa maji baridi ya bomba, ndani ya chasisi pia, jioni hiyohiyo.